Nilipokihurumia Kipimajoto

Wenzangu, leo nimeaibika mpaka viatu vimelowa.

Tangu tumzike ndugu yangu Ekai, karakana yake ya sufuria hapa Burat ilikuwa imefungwa. Ekai aliyeyusha alumini chakavu, na alijua moto umetosha kwa kutazama rangi tu. Mimi sijui. (Kazi yangu ilikuwa kubeba makaa.) Kwa hivyo nilitafuta kipimajoto cha tanuru: fimbo ndefu huku, saa yenye mshale kule.

Asubuhi nilitoboa bati la nje la tanuru, nikapita matofali ya kuhimili moto, nikapenyeza fimbo mpaka ncha ikatokeza ndani. Nikaitazama. Kitu kipya, kinang'aa, kisha nikiweke motoni hivyo hivyo? Nikaifunika ncha yote kwa udongo wa kuzibia matofali.

Mama Rukia akafika. Ana hoteli mtaani Wabera, na sufuria zake zote ni za Ekai. Alisema wazi kwamba sufuria hii yangu ya kwanza ikimridhisha atabaki na sisi, la sivyo atahamia kwingine. Shemeji yangu, mjane wa Ekai, alikaa pembeni. Karakana hiyo ndiyo inamlisha.

Nikawasha. Mshale ukapanda polepole, kama umelazimishwa. Nikaongeza makaa, nikapuliza zaidi. Mama Rukia akauliza kama tanuru huwa linanguruma hivyo. Nikamwonyesha mshale. (Nilijivuna kidogo, sikatai.)

Tukamwaga alumini kwenye kalibu ya mchanga, ikapoa, nikaitoa sufuria, nikaipiga msasa. Ilipendeza! Mama Rukia akataka nijaze maji. Nikajaza, nikaiinua hadi kifuani aione vizuri.

Maji yakatoka kila mahali.

"Hii ni sufuria ama ni chujio?" Mama Rukia akauliza.

Hata mimi nilitaka sana kujua. Nikavaa glavu, nikachomoa fimbo, nikapasua ule udongo. Mama Rukia akainama tutazame pamoja.

"Ulifunika ya nini?"

"Isiungue."

"Kipimajoto," akasema polepole. "Isiungue."

Nikamwambia ukweli: kilikuwa kinapima joto la udongo, na mimi nikazidisha moto mpaka alumini ikajaa vitundu. Kosa ni langu, si la marehemu. Akasema nimtengenezee ingine kesho, ncha ikiwa wazi, na atakuja na maji yake mwenyewe.

Hii mbovu nilitaka kuiyeyusha. Shemeji amekataa, anasema inafaa kuoshea mchele.

Tafadhali msicheke. Yeye amecheka kwa niaba yenu wote, na tangu mazishi sikuwa nimemsikia.