Mwendo wa Goti la Mama

Jumatatu, 3 Juni
Dada anaolewa Jumamosi na DJ ni mimi! Nina mashine mpya na programu ya kuchanganya muziki. Mashine ina kitufe cha kulinganisha mapigo: unabonyeza, nyimbo mbili zinakwenda mguu sawa. Kaka wa bwana harusi, Fundi Redio, anadai kitufe hakina masikio. Wivu tu. Kazi ni moja: kutoka kwenye dansi niingie kwenye wimbo wa taratibu, ambao Mama atamwingiza nao dada ukumbini. Mama ana goti bovu. Tangu apasuliwe anajifunza kutembea kwa wimbo huo, koridoni, akishika ukuta.

Jumanne, 4 Juni
Mazoezi sebuleni. Balaa! Dansi ina mapigo mia kwa dakika, wimbo wa Mama sabini na mawili. Nikabonyeza. Wa Mama ukapanda hadi mia, mwimbaji kama anafukuzwa na nyuki. Mama, kwa ubishi wake, akaufuata. Alifika kwenye kochi akihema, akasema hajambo, huku kashika goti. Roho iliniuma. Dada kanipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, Fundi Redio ndiye DJ.

Alhamisi, 6 Juni
Nimevumbua! Programu inaweza kugawa mapigo kwa mbili. Nimegawa ya nyimbo zote mia nne na kumi, kutwa nzima, bila chakula. Dansi sasa hamsini, wa Mama thelathini na sita. Pole pole ndio mwendo! Nikabonyeza. Nyuki wale wale.
Fundi Redio alicheka mpaka akakaa chini. Akasema nimebadili namba, sikubadili nyimbo. Eti nisibonyeze kitu, dansi iishe, pawe kimya, ndipo wa Mama uanze. Kimya, harusini? Hajui kazi huyu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia dada mambo shwari. Akanikumbatia. Usiku huu usingizi hauji.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi Fundi Redio kaifungua mashine aipulize vumbi. Kajirudi, maskini.
Saa ikafika. Nikabonyeza kitufe. Hakuna kitu! Nikabonyeza tena na tena, dansi ikaisha, ukumbi kimya. Nimekwisha! Kwa kiherehere nikauanzisha wimbo wa Mama hivyo hivyo. Ukatoka taratibu, sabini na mawili kamili. Mlango ukafunguka. Mama na dada, bega kwa bega, hakuna fimbo, hakuna ukuta. Watu wakaanza kupiga makofi kwa kila hatua yake. Alifika mbele akitabasamu. Nililia juu ya nyaya zangu, na sioni haya.

Jumapili, 9 Juni
Fundi Redio kakiri: jana asubuhi alichomoa waya wa kitufe. Nimeduwaa. Kumbe kitufe kimefanya maajabu yote yale kikiwa kimechomolewa! Kikiunganishwa je? Jirani anamwoza binti yake mwezi ujao, nimeshakubali. Nitalinganisha nyimbo tano kwa mpigo.