Mimi na Kiti Changu ni Kitu Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Mama wa mke wa mwanangu, mimi namwita Mkwe, alikuja kututembelea wiki mbili. Leo ni wiki ya tano. Na amekikalia kiti changu cha dirishani! Kile chenye mto. Nilipomwambia Mkwe ni changu, akasema aa, kumbe viti vina wenyewe? Mwanangu akajifanya anasoma gazeti. Hovyo.

Jumanne, 4 Machi

Mjukuu wangu mkubwa hufundisha watu kukaa wamefumba macho na kutulia. Kazi hiyo! Ameniambia anayetazama na kinachotazamwa si vitu viwili. Eti hakuna mimi huku na kikombe kule. Nikamwuliza, na kiti je? Akasema hata kiti, bibi.

Heee! Nimepata silaha.

Jumatano, 5 Machi

Nimetangaza mezani: mimi na kile kiti ni kitu kimoja, anayekikalia amenikalia mimi, mtu mzima mwenye wajukuu saba. Aibu! Mkwe akafikiri, akauliza, na yeye si kitu kimoja na mimi? Mjukuu, msaliti yule, akaitikia ndiyo. Basi mkwe wangu, Mkwe akaniambia, nikikaa mimi umekaa wewe, pumzika. Akanyoosha miguu. Mwanangu alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Nimesimama jioni nzima kwa hasira. Miguu imevimba yangu tu, yake mizima.

Ijumaa, 7 Machi

Tumechambua maharage, mimi na Mkwe, chini mkekani. Mawe huku, maharage kule. Sijui kilitokea nini. Hapakuwa na mimi, hapakuwa na yeye. Mikono tu, na maharage yakilia kwenye sinia. Kiti kitupu nyuma yetu, wala sikukikumbuka!

Mjukuu akapita, akaninong'oneza: bibi, ndiyo hiyo niliyokuambia.

Nikaruka. Nimefika! Tena nimefika kabla ya Mkwe! Mkwe akasema uongo mtupu, yeye alishatoweka tangu sinia la kwanza. Nikamwambia mimi nimetoweka zaidi. Tumebishana hadi jioni. Maharage hayakupikwa, watu wamelala na mkate mkavu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimewahi kiti kabla ya jogoo. Mkwe akaja, akaomba nimpishe. Nikamjibu nani ampishe, mimi si nimeshatoweka? Asiyekuwepo haondoki.

Sasa ni saa nne na nabanwa vibaya. Mjukuu kauliza, kwa upole wake ule, ni nani hasa anayebanwa, bibi. Nimemjibu ni Mkwe. Si sisi ni kitu kimoja? Basi aende yeye msalani.