Mshale wa Baba Neema

Jamani, leo nimeaibika Kariakoo, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye akili zao. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wifi yangu Getruda, maana yeye ataitia chumvi. Mimi siongezi kitu. Yaliyotokea yanatosha.

Mnajua Jumamosi ni arobaini ya mume wangu, Baba Neema. Mnajua pia kwamba ukoo umekubaliana tuvae fulana zenye picha yake. Msichokijua ni kwamba hiyo picha imenigombanisha na wifi. Si ugomvi wa kupigana. Ni ule wa kusalimiana huku unatazama ukuta.

Getruda anataka picha ya suti. Ile suti naijua. Niliichagua mwenyewe kwenye robota la mitumba pale Mchikichini ninapouza nguo, na mikono yake ilimfika Baba Neema kwenye vidole. Halafu sura! Kama mtu aliyeambiwa atulie achomwe sindano. Mimi nataka picha ya tikiti maji. Amevaa singlendi, ameshika kipande cha tikiti, anacheka mpaka pengo lote linaonekana. Huyo ndiye niliyeishi naye. Tangu tumzike, nikifumba macho namuona kwenye jeneza. Nikiiangalia picha ile ndipo namuona mzima. Getruda sikumwambia hivyo. (Maneno yangu huja watu wakishaondoka.)

"Fulana ya kanisani yenye pengo?" aliniuliza. "Watu waje kusali au waje kuhesabu meno?"

 Tukakubaliana twende tu Kariakoo kwa wachapaji, mbele ya safari tutajua.

Picha zote mbili zilikuwa kwenye kompyuta ya marehemu, ile laptop aliyofanyia kazi kibandani kwake Magomeni. Kazi yake ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na kwenye simu. Kwa hiyo kompyuta ile haijawahi kukaa peke yake. Imechomekwa kidude chenye matundu mengi ya USB, na kila tundu lina mpangaji wake: flashi, kisoma kadi za simu, diski kubwa ya nyimbo, kifeni cha kupoozea, spika, mausi ya waya. Mimi nimeishia darasa la saba, sijui kipi kinafanya nini. Nikabeba vyote hivyo hivyo vikining'inia, nisije nikachomoa kimoja picha zikaenda nacho.

Kwenye droo nikakuta na mausi nyingine, ndogo, nyeusi, imekatika waya. Nikaifuta vumbi vizuri, juu na chini, nikaitia kwenye mkoba. Nilitaka kumwomba fundi aiunge waya mwingine. (Msicheke sasa hivi. Bado.)

Duka la kuchapa fulana liko chini ya ghorofa moja, na kusema kweli ni korido tu. Kuna mashine ya kubana fulana, meza, na viti vya plastiki. Mwenye duka anaitwa Hamisi, mtu wa makamo, mpole. Getruda akakaa. Na mimi nikakaa, mkoba nikaupakata.

"Poleni sana na msiba, mama zangu," Hamisi akasema. "Picha iko wapi?"

"Ziko mbili," nikasema.

"Iko moja," Getruda akasema.

Hamisi akatutazama, akaona bora aongee na kompyuta. Akaiwasha, akazitafuta picha, akazipanga kwenye kioo. Suti kushoto, tikiti kulia. Nikasogea mbele nimuone mume wangu.

Mshale wa kwenye kioo ukakimbia!

Hamisi akaurudisha. Ukakimbia tena. Akaupeleka chini, ukapanda juu. Akashika mausi ya waya kwa mikono miwili kama anayekaba kuku. Mshale unamkatalia.

"Mama, hivi vitu ni vingi mno," akasema. "Vyote vinanyonya umeme kwenye tundu moja. Kompyuta inachanganyikiwa."

"Hata ningekuwa mimi," Getruda akasema.

Basi ikaanza kazi ya kuchomoa. Akachomoa flashi. Nikainama kuangalia, mshale bado unacheza. Akachomoa kisoma kadi. Nikainama, bado. Diski, bado. Kifeni, bado. Spika, bado. Akachomoa mausi ya waya, kisha akang'oa kile kidude chenyewe cha matundu, akakiweka mbali kama kina ugonjwa. Kompyuta ikabaki tupu. Sote tukaukodolea macho ule mshale.

Umetulia. Kimya.

"Mmeona?" Hamisi akajifuta jasho. "Ilikuwa imezidiwa tu."

Nikashusha pumzi kubwa.

Mshale ukaruka.

Hamisi akarudisha kiti chake nyuma. "Hakuna kitu kimechomekwa," akasema polepole. "Hakuna hata kimoja." Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Hii kompyuta ya nani?"

"Ya marehemu," nikasema.

Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti. Alikuwa anajisomea dua. Getruda naye akanishika mkono, mara ya kwanza kunishika tangu ugomvi uanze.

"Wifi," akaninong'oneza. "Ni kaka."

Nasema ukweli wangu: sikuogopa. Nilifurahi. Moyo ulinipiga kama siku ile aliponitumia mshenga. Nikaukumbatia mkoba, nikasogeza uso kwenye kioo.

"Baba Neema?"

Mshale ukatikisika.

"Anaitika!" mtu akapiga kelele nyuma yetu. Nikageuka. Korido imejaa! Kariakoo haina mtu asiye na haraka, lakini kwa jambo kama hili wote walipata nafasi. Mbeba mizigo mmoja alikuwa ametua furushi lake mlangoni, akajipenyeza mpaka mbele.

"Nyie watu wa wapi?" akatuuliza.

"Wangoni. Songea," Getruda akamjibu.

"Aaah! Mimi Mpogoro wa Mahenge! Watani zangu nyie! Mmezika bila kuniita?"

Kwetu mtani akishafika msibani amefika. Ana ruhusa ya kumtania marehemu, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mpogoro akaisogelea kompyuta, akaiinamia.

"Wewe Mngoni! Kufa umekufa, kupumzika hutaki? Huko uliko mnapewa ugali au mnalishwa maombi tu?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, mabega yakanitikisika, na mshale ukacheza kama uko ngomani.

"Oneni, anacheka naye!" mama mmoja mwenye baibui akasema, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa kwa usalama.

Hapo Getruda akapata akili. Akasimama, akarekebisha kitenge, akaongea na kile kioo kama anatoa taarifa kwenye kikao cha ukoo.

"Kaka. Mimi dada yako. Tupe neno moja tu tuondoke. Unataka picha gani? Ya suti, au hiyo nyingine?"

Korido nzima ikanyoosha shingo. Nikaubana mkoba kifuani, nikaomba. Sikuomba kwa sauti, lakini niliomba kwa nguvu zangu zote. Mshale ukaanza kusogea kulia. Taratibu. Ukaivuka suti. Ukaingia kwenye tikiti. Ukapanda, ukapanda, ukatua kwenye pengo.

Kelele zilizopigwa pale mngedhani goli limeingia. Watu wakapeana mikono. Mpogoro akanipongeza kana kwamba nimejifungua.

Getruda tu ndiye hakushangilia. Akakaa. Machozi yakamtoka.

"Sawa, kaka," akasema. "Siku zote ulikuwa unamsikiliza yeye."

Hilo neno lilinichoma. Mimi nimefiwa na mume, lakini yeye amefiwa na kaka aliyembeba mgongoni. Nikageuka nimkumbatie. Nikamkumbatia vizuri, kwa nguvu, mkoba ukiwa katikati yetu.

"Subiri!" Hamisi akapiga kelele. "Subiri, imefungua... mama, inafuta! Inafuta!"

Tukageuka. Kushoto suti ipo. Kulia hapana kitu.

"Imefutwa," Hamisi akasema.

 Getruda, machozi bado yako shavuni, akaruka juu.

"Mmeona! Kaikataa mwenyewe! Kaliona pengo lake, kaona aibu, kafuta!"

"Aaah," watu wakaitikia. Wale wale walionipongeza!

Jamani, nililia. Tangu msibani sikuwa nimelia vile. "Baba Neema, hiyo ndiyo picha pekee unayocheka," nikamwambia. "Sina nyingine. Utanifanyia hivyo mimi?" Machozi na kamasi vikaja pamoja (niliahidi ukweli), nikafungua mkoba kutafuta leso. Sikuipata. Nikatoa vitu nikivitupa mezani. Funguo. Kanga. Mausi mbovu.

Mausi ikaanguka chali. Tumboni ilikuwa inawaka taa nyekundu.

Hamisi akaitazama. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaisukuma mbele kidogo juu ya meza. Mshale ukapanda. Akaivuta nyuma. Mshale ukashuka.

"Mama," akasema, "hii ni nini?"

"Mausi mbovu," nikajibu. "Imekatika waya."

"Haijakatika waya, mama. Haikuzaliwa na waya."

Akapapasa ubavu wa pili wa kompyuta, ule uliokuwa umeelekea ukutani, akachomoa kwenye tundu kidude kidogo kama ukucha. "Hiki ndicho kinachoongea nayo. Mimi nilichomoa vyote vya upande huu, hiki sikukiona. Lakini huku chini mausi ina swichi. Nani aliiwasha?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa naifuta vumbi."

Watu wakatazamana, kama umeme umekatika harusini. Halafu korido ikalipuka. Hamisi alicheka mpaka akaegemea mashine ya kubana fulana, akaruka kwa kuungua, akaendelea kucheka. Yule mama wa baibui alikaa chini kabisa. Mpogoro akaikwapua ile mausi, akainyanyua juu ya kichwa.

"Marehemu nimemkamata! Haondoki Kariakoo mpaka watani waninyweshe soda!"

Nilimnywesha. Ningefanyaje, ndiyo mila. Akainywa yote taratibu, mausi kaikumbatia kwapani, anauliza kila anayepita kama anataka kusalimia marehemu. Ndipo akanirudishia, akanipa pole ya kweli kwa mikono miwili, akabeba furushi lake akaenda.

Tukabaki sisi watatu. Getruda ananiangalia.

"Kwa hiyo aliyechagua tikiti ni wewe."

"Ni mimi."

"Na aliyefuta?"

"Ni mimi pia, tulipokumbatiana tukaibana."

Hamisi akatuambia kilichofutwa hakijaenda mbali, kiko kwenye kapu la taka la kompyuta. Akabonyeza mara moja mbili, na Baba Neema akarudi, na tikiti lake, na pengo lake. Nikamshukuru Mungu. Lakini nilichotakiwa kusema nilikijua, nikakisema kabla sijabadili mawazo.

"Wifi, ile haikuwa haki. Hakuchagua yeye, niliubana mkoba mimi. Aweke ya suti."

Getruda akaigeukia ya tikiti. Aliitazama picha ile muda mrefu. Nikaona mdomo wake unacheza, nikajua analia tena. Kumbe anacheka! Kaanza kidogo, kicheko kikampanda, akaniangukia begani, anacheka na kunipiga mgongoni.

"Angekuwepo hapa," akasema, hapumui vizuri, "wifi, angekuwepo hapa leo! Angecheka hivyo hivyo! Mdomo wote wazi!"

Nikashindwa. Tukacheka wote wawili, tumeshikana, katikati ya korido ya watu, sisi wenye msiba.

Alipopata pumzi akajifuta macho kwa kitenge. "Hamisi, weka hiyo."

"Ipi, mama?"

"Ya tikiti."

"Sawa. Na hili pengo naweza kuliziba. Dakika moja tu, nachora jino."

"Usiliguse!" tukasema wote kwa pamoja.

Fulana zimetoka, ni nzuri, zinacheka zenyewe. Jumamosi karibuni wote, msali nasi, mle pilau, mmuone Baba Neema vifuani kwetu. Ila atakayenisalimia kwa kusogeza mkono kama anashika mausi, sahani yake nampa Mpogoro.