Mihuri Mia Sita ya Programu ya Miadi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye leo ni mimi mwenyewe, wakuu wa idara, makaimu wao na makaimu wa makaimu, wauguzi, nanyi wagonjwa wapendwa mliopanga foleni tangu asubuhi: itifaki imezingatiwa! (Makofi ya meza kuu.)

Nimesimama hapa kama Mkurugenzi wenu, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana kila kona, kuzungumzia programu yetu ya simu ya kupangia miadi ya kliniki, ambayo ni salama kwa asilimia tisini na tisa nukta nne, na hiyo iliyobaki ipo kwenye mchakato. (Muuguzi anakohoa.) Ni kweli, ndani yake tuliweka kipande cha msimbo, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu, cha kampuni ya nje, tulichokiokota mtandaoni bure, maana kutengeneza chetu kungechukua miezi mitatu, nami nilikuwa nimeshaagiza keki ya uzinduzi. Lakini hatukulala! Niliamuru msimbo wote uchapwe, kurasa mia sita, nikagonga muhuri kila ukurasa kwa mkono huu mnaouona! (Makofi.)

(Fundi cherehani, mgonjwa wa kifua kikuu, anasimama: "Mheshimiwa, hicho kipande kinajipakua upya kila tukifungua programu! Ulichogongea muhuri ni cha mwaka jana. Cha leo kimezoa namba zote za simu yangu, kikawatumia wateja wangu habari za ugonjwa wangu. Wamenikimbia wote. Ifungeni!")

Mama, punguza jazba. Suala lako lipo mezani kwangu, chini ya mengine. Programu haifungwi ng'o, kwa sababu inalindwa na Kitengo cha Usalama wa Msimbo, chenye wataalamu kumi na wanne wa kimataifa, wasiopepesa macho! Miadi kiganjani! (Viti vya nyuma: "Siri mitaani!")

Namalizia kwa kuwashukuru wataalamu hao. Simameni tuwaone! (Hakuna anayesimama.) Naam, watasimama pindi tutakapowaajiri, kitengo kikishapata chumba, na barua ya kukianzisha ikishaandikwa.

(Simu zinalia ukumbi mzima. Muuguzi anasoma kwa sauti: "Mkurugenzi anakumbushwa kliniki yake ya bawasiri, kesho saa tatu.")

Zimeni! Nasema ifungwe hiyo programu, sasa hivi! (Makofi mazito kutoka viti vya nyuma. Fundi cherehani anaketi.)

Asanteni kwa kunisikiliza. Na tafadhali, ndugu zangu, hizo meseji mzifute.