Ombi la Kivuli kwa Ua la Marsela

Kitongoji cha Juu,
Njia ya Qurus,
Karatu.
18 Julai 1983

Kwa Ndugu Hhando,
Mwenyekiti wa Kijiji.

YAH: NDUGU MARTINI KUVUNA MAHINDI BILA KUFIKIRIA WENGINE

Ndugu Mwenyekiti,

Salamu kwanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni Cresensia, mjane wa fundi Sylvesta, ndiye niliyekufundisha katekisimu miaka miwili kwa sababu mwaka mmoja haukukutosha. Sikumbushi hilo kwa ubaya. Nataka tu ujue kwamba anayekuandikia ni mtu mwenye subira.

Mwaka jana rafiki yangu Marsela, aliyekuwa akitandika vitanda kwenye hoteli ya watalii kule ukingoni mwa kreta, alihamia Kakesio kumfuata mumewe, mhudumu wa zahanati. Marsela alikuwa na ua linaloitwa okidi, aliloachiwa na mama mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao. Kulipeleka kwenye vumbi la Kakesio, mahali ambapo hata ng'ombe wanakunywa kwa zamu, ingekuwa kuliua. Akaniletea mimi. Aliliweka kwa mkono wake mwenyewe kwenye dirisha langu, na kwa kuwa lori lilikuwa linapiga honi barabarani, hatukupata nafasi ya kuzungumza.

Wewe ni mtu wa hapa, sina haja ya kukueleza maana ya kuachiwa kitu cha mtu chenye uhai. Maziwa ni ya mtunzaji, ndama ni wa mwenyewe, na mnyama akifa ngozi inaonyeshwa. Nimelilea ua hili kwa sheria hiyohiyo. Likichanua, maua ni yangu kuyatazama. Likitoa chipukizi, ni la Marsela. Majani mawili yaliyokwisha kufa nimeyatundika darini, yamekauka vizuri, nitamwonyesha akija mwezi wa nane.

Na kuna jambo ambalo hulijui, maana wakati ule ulikuwa masomoni Mbulu. Marsela aliwahi kutuachia ng'ombe wake mtamba, ambaye hajazaa bado, tumtunzie. Mtamba yule alifia korongoni, fisi wakamaliza kila kitu, ngozi haikupatikana. Tulipompa habari Marsela hakusema neno. Alikunywa chai akaaga. Ni miaka kumi na moja sasa, na ningefurahi zaidi kama angenitukana siku ileile tukamaliza. Ua hili nalo likifa mikononi mwangu, sitaweza kumtazama usoni tena, na sina rafiki mwingine wa umri wangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jua. Tangu mwezi wa sita jua limehamia upande wa kaskazini, na dirisha langu linatazama kaskazini, kule msituni. Sikuchagua mimi. Tulipohamishwa kutoka kwenye nyumba zetu za zamani tukapangwa kwa kamba, tuliambiwa kila nyumba itazame barabara. Nikatazama barabara. Hakuna aliyeuliza jua linapita wapi. Asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuuma masikio, watu wanaota moto na kudhani kwamba majira haya hayana jua. Ikifika saa nne ukungu unapanda, jua linaingia dirishani moja kwa moja mpaka saa nane. Na dirisha lenyewe ni la kioo, kazi ya marehemu, hakuna lingine la namna hiyo kitongoji kizima. Ukiligusa jani saa sita kwa mgongo wa mkono, lina moto kama paji la uso la mtoto mwenye malaria. Ukijani wake umegeuka manjano, na jani moja lina doa jeupe lililoungua.

2. Mahindi ya Martini. Huyu Martini jirani yangu, yule mgane, shamba lake linaanza hatua nne kutoka dirishani kwangu, kati yangu na barabara. Mwezi wa sita mzima jua sikulihisi, kwa sababu mahindi yake yalikuwa yamesimama pale, marefu, yakitikisika na kupitisha mwanga kidogo kidogo, na okidi inapenda mwanga wa namna hiyo. Tarehe mbili mwezi huu akaanza kuvuna, kwa siku tatu akamaliza, bila kuniarifu. Wananchi wanamsifu. Bwana shamba amemtaja mkutanoni kama mfano. Mimi nasema ni ubinafsi.

3. Mbuzi. Mabua yaliyobaki yangenisitiri wiki mbili zaidi. Yameliwa yote na mbuzi wanane, na mmoja wao ana pembe iliyovunjika. Mwenye mbuzi huyo simtaji kwa heshima ya ofisi yake.

4. Pazia. Tafadhali usiniambie nitundike pazia. Tangu Februari jina langu limo kwenye orodha ya ugawaji ya duka letu, nikiomba kitambaa chepesi cha kupitisha mwanga. Zamu yangu ilipofika nikapewa jembe. Ni jembe zuri, ila halipitishi mwanga. Wiki iliyopita nikajitosa kutundika khanga dirishani mchana. Saa sita haijafika wakatokea akina mama saba na kuni na unga, wawili wakiwa wameshaanza kulia njiani, kwa sababu hapa kwetu ni nyumba gani inafunika dirisha mchana kama haina msiba? Waliponikuta mzima hawakurudi, walikaa. Tulikunywa chai mpaka jioni, sukari yangu ya mwezi ikaisha. Evarista, mmoja wao, bado amenuna kwa sababu alikuwa amechinja kuku.

Najua hapa utajiuliza kwa nini Mama Cresensia asiliondoe ua dirishani akaliweka mezani, hatua tatu tu. Nashangaa mtu wa hapa kama wewe kufikiri hivyo. Mnyama wa mtu hahamishwi boma bila mwenyewe kuarifiwa. Marsela aliliweka dirishani, kwa hiyo dirisha ndilo boma lake. Nikilihamisha likafa, nitajitetea kwa lipi?

Kutokana na hayo naomba yafuatayo:

(a) Halmashauri ya Kijiji ipitishe azimio kwamba mahindi yote yaliyo mbele ya madirisha ya watu yasivunwe kabla ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, mwezi wa nane.

(b) Hilo likishindikana, nyumba yangu igeuzwe itazame kusini. Kijiji kilikwisha kutugeuza sote mara moja, kwa hiyo ujuzi upo.

(c) Na hilo nalo likishindikana, Ndugu Martini apangiwe zamu ya kusimama mbele ya dirisha langu kuanzia saa nne hadi saa nane, kila siku yenye jua. Nimelitafakari hili kwa makini. Mavuno amemaliza, hana kazi kubwa. Ni mrefu, mabega yake yanatosha kioo chote, na ana ile kofia yake ya pama. Hatakiwi kufanya lolote, asimame tu, na asogee kidogo kidogo kadiri jua linavyosogea. Chai nitamtolea hukohuko nje, hata bila sukari. Zamu hiyo ihesabiwe kama ya mgambo. Jumapili apumzike baada ya misa, isipokuwa kama mwenyewe hataki.

Sina neno zaidi. Nisalimie mama watoto, Hyasinta, mwambie mbegu za maboga nimemwekea. Nisalimie mama yako mzazi na watoto wote kwa majina yao. Mbuzi pia wasalimie, na yule mwenye pembe iliyovunjika umsalimie peke yake.

Ni mimi mwananchi wako, mwenye dirisha,
Cresensia, mjane wa Sylvesta.

N.B. 22 Julai. Barua hii imechelewa. Nilimpa Martini akuletee, kwa kuwa yeye anapita kwako kila siku. Sikuwa na gundi ya kufungia bahasha. Kesho yake saa nne juu ya alama akaja na pama yake, akasimama dirishani. Barua alinirudishia, eti hakukukuta.

Jana kapita Sironka, yule mfugaji wa Kakesio, akienda mnadani, na ujumbe kutoka kwa Marsela, jibu la habari niliyomtumia majani yale mawili yalipokufa. Anasema niachane na habari za ngozi. Ua hakuniachia nimtunzie, alinipa. Anasema ua mtu hampi mwenzake amtunzie, anampa tu. Na kuhusu mtamba, anasema alikwisha kumlilia akamaliza mwaka uleule. Siku ile alinyamaza kwa sababu alimwona Sylvesta anatetemeka mpaka chai inamwagika, akamwonea huruma kuongeza neno. Nilikaa jikoni nikalia kidogo. Halafu nikapanda darini nikayatoa yale majani nikayatia motoni.

Kwa kuwa sasa ua ni langu, nimelihamishia mezani. Ni hatua tatu kweli. Mwanga linapata na jua halilifikii, na leo nimeona kitu kama chipukizi kwenye shina. Kwa hiyo malalamiko yote manne nimeyafuta. Mahindi yavunwe siku yoyote, nyumba ibaki ilivyo, mbuzi waachwe wale.

Barua nimeamua kukuletea mwenyewe, na safari hii bahasha nimeishona kwa uzi. Maana Martini sijamwambia kwamba dirishani hakuna kitu. Jana alinisimulia habari za marehemu mkewe mpaka saa tisa, jua lenyewe likiwa limeshaondoka. Naomba ofisi yako isimwarifu lolote mpaka mvua za vuli. Leo kumetanda mawingu tangu asubuhi, jua halijaonekana kabisa, na amekuja vilevile.