Skrini Inayoandika Hata Mkoromo

Ndugu Mkurugenzi wa Mradi wa Teknolojia Jumuishi,

Yah: Ombi la kuondolewa skrini katika Darasa la Sita

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mwenye raha, maana mimi raha sina. Skrini yenu imeimaliza. Mimi ni mwalimu wa Historia, na ndiye mwenye darasa mlilofungia kile chombo kwa ajili ya mwanafunzi mmoja asiyesikia, binti ambaye wenzake humwita Macho. Mlinibana kipaza sauti kwenye ukosi wa shati, mkaweka kingine cha kunasa sauti za watoto, mkatundika skrini kando ya ubao, mkasema kila litakalosemwa darasani litaandikwa pale ili Macho asome. Nikapiga makofi kama wengine. Sikujua kwamba mliposema kila, mlimaanisha kila.

Nieleweke: siupingi ujumuishi. Nilihudhuria semina yenu, na mkoba wake ninao hadi leo. Mlituuliza tunapenda skrini ya rangi gani, tukabishana mpaka chai ikapoa. Macho hakuwapo, kwa kuwa mkalimani wa lugha ya alama hakualikwa, lakini picha yake ilikuwa ukutani anatabasamu, kwa hiyo tukahesabu ameshiriki. Sasa sikiliza yaliyonipata.

1. Skrini haijui kutofautisha somo na maisha. Jumatatu nilisogea dirishani kupokea simu ya mke wangu, nikanong'ona kama mtu mwenye adabu zake, ingawa mwalimu wa darasa la jirani anadai alinisikia. Nilipogeuka, watoto walikuwa wanasoma ukutani: "Mwambie kaka yako arudi kwa mkewe. Sebule yangu si gesti. Na soksi zake aanike nje." Tangu siku hiyo nikiingia darasani naamkiwa shikamoo, kisha naulizwa kama shemeji ameshaondoka.

2. Haina staha. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, niliwapa watoto kazi ya kunakili, nikafumba macho ili nitafakari. Ikaandika, tena kwenye mabano: (mkoromo). Mwalimu mkuu alikuwa anapita nje. Kibaya zaidi, Macho, ambaye hunakili kila kitu kwa bidii, aliuandika mkoromo daftarini chini ya kichwa cha somo, akaniletea, akauliza kama utatoka kwenye mtihani.

3. Hili ndilo lililonikata maini. Watoto wa siku hizi hawasemi, wanatafuna maneno. Lakini mwalimu mzoefu hahitaji kusikia swali ndipo alijibu. Anautazama uso wa mtoto, anasema "Vizuri sana, kaa chini," na elimu inasonga mbele. Nimefundisha hivyo miaka mingi bila ugomvi na mtu. Maswali yao na majibu yangu yalikuwa yakiishi mbalimbali kwa amani. Skrini yenu imeyakamata na kuyapanga juu na chini. Juu, mtoto: "Mwalimu, naomba ruhusa, tumbo linaniuma." Chini, mimi: "Vizuri sana, kaa chini. Mpigieni makofi." Wakampigia. Yaliyofuata kuhusu lile tumbo si ya kuandikwa katika barua ya ofisi.

4. Macho mwenyewe ameharibika. Zamani alikuwa mwanafunzi wa mfano: dawati la mbele, kimya, hasumbui. Kwenye ripoti nilimwandikia "msikivu sana." Sasa anauliza! Anasimama, na kwa ile sauti yake nzito asiyoizoea anataka kujua mbona mfalme aliyekufa vitani jana, leo amekufa kitandani. Na wenzake wameambukizwa. Nilikuwa nimeshamjazia fomu za kuhamia shule ya bweni ya wasiosikia, mwendo wa siku nzima kutoka kwao, kwa faida yake. Ilibaki saini ya mama yake tu, fundi cherehani anayetushonea sare. Mama akaja, akasimama mlangoni, akasoma skrini kipindi kizima. Akamwona mwanawe akicheka pamoja na wenzake, si baada yao. Basi akalia pale pale, akanirudishia fomu bila saini, akasema mwanawe shule anayo tayari. Mimi nilikuwa katikati ya vita vikuu, na kilio chake kikaandikwa humo humo.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba muiondoe skrini. Ikishindikana, igeuzwe itazame ukuta. Ikishindikana na hilo, ifundishwe kuandika yaliyomo kitabuni tu, yaani yale niliyopaswa kuyasema. Mkifanya hivyo mama atatia saini, Macho atakwenda kwa wenzake, na darasa langu litakuwa jumuishi kabisa, maana watakaobaki wote watakuwa sawasawa.

Nisalimie wote ofisini: dada wa mapokezi, dereva, na yule mtaalamu aliyenibana kipaza sauti akanichoma na pini.

Wako katika kujenga elimu isiyomwacha mtu nyuma, isipokuwa inapobidi,

Mwalimu wa Historia

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani kwangu, mwalimu mkuu akapata fununu ya malalamiko, akamwita fundi umeme. Leo asubuhi skrini imeshushwa. Nimefundisha vizuri, kwa uhuru, mpaka mtoto mmoja wa nyuma aliposimama. Nikaiona midomo yake inacheza. Nikatazama ukutani, kuna matundu ya skrubu tu. Nikasema, "Vizuri sana, kaa chini." Hakuna aliyepiga makofi. Macho alikuwa amegeuka akimtazama yule mtoto mdomoni. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mtu wa kwao. Akainuka, akachukua chaki, akaniandikia ubaoni: "Anauliza skrini itarudi lini."

Nimeona haya, Ndugu Mkurugenzi. Fomu za uhamisho nimezichana. Tafadhali irudisheni kesho, muitundike chini kidogo, na herufi ziwe kubwa. Mwalimu mkuu akiuliza ni ya nani, mwambieni ni ya Macho.