Nilikwenda Rwamgasa Kutafuta Kazi ya Nje, Nikaanzisha Rashi ya Dhahabu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. Si nguo za mwilini (ingawa nazo zilikaribia). Nazungumzia heshima. Naandika haya nikiwa nyumbani kwa Mama Shija, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Nisipowasimulia mwenyewe, kesho mtasikia kwa wengine, na watakuwa wametia chumvi.

Wengi wenu humu kwenye kundi mnanijua. Mimi ndiye Pendo wa Shinyanga mjini, yule anayeweka picha za milima ambayo hajawahi kuipanda. Nafanya kazi kwenye ofisi ya bima, mbele ya dirisha lisilofunguka, kiyoyozi kinanipuliza shingoni tangu asubuhi. Kwa muda mrefu nimekuwa nawasumbua humu kwamba nataka kazi ya nje. Kazi ya jua na upepo. Kazi ya kuchafua viatu.

Basi Mungu akachoka kunisikia, akaniletea kazi mbili kwa mpigo. Ya kwanza iko Isaka, kwenye ofisi moja ya mizigo pale bandari kavu. Meza nzuri, nyumba ya kuishi, mshahara mnono. Jua na upepo ungeviona kupitia dirishani, nyuma ya malori. Ya pili iko huku upande wa Rwamgasa, kwenye mradi mdogo wa kupanda miti na kufuga nyuki kuzunguka mashimo ambayo wachimbaji wa dhahabu wameyaacha. Mshahara wake mwembamba, lakini siku nzima uko porini. Watu wa Isaka walitaka jibu leo kabla ofisi haijafungwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikaja huku jana, nione kwanza kwa macho yangu.

Nilijiandaa. Nilinunua suruali yenye mifuko mpaka magotini, buti nzito, kofia pana yenye kamba ya kidevuni, na begi la mgongoni lenye mikanda mingi kuliko ile niliyojua kazi yake. Nilipojitazama kwenye kioo niliona mtu wa porini kabisa. (Kumbukeni hizo nguo. Ndizo zilizoniponza.)

Nililala kwa Mama Shija, mkulima mwenye shamba linalopakana na kitalu cha miche. Ndiye angenipangisha chumba kama ningekubali kazi. Asubuhi nikamwamkia kwa adabu zote, akaitikia, akaniwekea matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, pamoja na kibuyu cha maziwa ya kuganda. Akauliza kama tumbo langu limezoea maziwa ya kibuyu. Nikajibu kwa majivuno kwamba mimi ni Msukuma, Mama. Sikumwambia kwamba maziwa ninayoyajua mimi ni ya pakiti kutoka kwenye friji. Nikanywa bakuli la kwanza. Yalikuwa matamu sana. Nikanywa la pili.

Akaja Bwana Mashauri, msimamizi wa mradi, ambaye ndiye angekuwa bosi wangu. Ni mtu mzima, mpole, anayezungumza kana kwamba maneno yanauzwa. Tukaondoka kwa miguu. Akanionyesha kitalu cha miche ya mikangazi, tukapita kando ya karanga za Mama Shija zilizokuwa zimeanza kutoa maua, tukaingia kwenye vichaka iliko mizinga ya nyuki. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo unanukia, ndege wanapiga kelele utadhani wako sokoni. Akanieleza kwamba sehemu ngumu ya kazi si miti, ni watu. Wachimbaji hawataki kusikia habari za miche. Msimu mzima amekuwa akiwaita kwenye mkutano, wanaokuja ni Mama Shija na mbuzi wake.

Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa natafuta tu namna ya kumwambia bila kuonekana nina haraka. Ndipo tumbo likanguruma.

Si ule mngurumo wa njaa. Ulikuwa mngurumo wa onyo. Jasho likanitoka chini ya kofia. Choo cha Mama Shija kilikuwa mbali nyuma yetu, na kwa hali ilivyokuwa nisingefika hata nusu ya njia. Na mtu unamwambiaje bosi mtarajiwa jambo kama hilo, siku ya kwanza, akiwa katikati ya kukueleza tabia za malkia wa nyuki?

Wakati huohuo ikapita bodaboda imembeba mchimbaji mwenye sululu begani. Wakasimama kumsalimia Bwana Mashauri. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikachukua kijembe cha kitalu alichokuwa amekishika, nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Naomba nikaangalie udongo wa upande ule. Unaonekana una kitu."

Sasa nyie nihukumuni. Niko kwenye ardhi ya dhahabu, nimevaa kofia ya mtaalamu wa miamba, nina begi na kijembe, nasema mbele ya mchimbaji kwamba udongo una kitu. Halafu naondoka mbio.

Nilifika nyuma ya kichaka kikubwa nikiwa nimebakiza dua tu. Niliwahi kusoma mtandaoni kwamba mtu mstaarabu wa porini huchimba kwanza shimo, kisha hufukia, kisha huchomeka kijiti juu ili mwenzake asije akakanyaga. Nikachimba kwa kasi ambayo sijawahi kuifanyia kazi yoyote ya mwajiri. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Mengine niachieni mwenyewe. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi kiasi kwamba nikainua mikono na kusema kwa sauti, "Asante Mungu wangu." Nikafukia vizuri. Nikachomeka kijiti. Nikarudi kwa Bwana Mashauri natabasamu, nikamwambia udongo ni mzuri sana.

Yule mchimbaji na bodaboda yake hawakuwepo tena. Sikujali. (Baadaye ndipo nilipojua kwamba walizunguka kwenye kilima kidogo, wakaniona nachungulia huku na huku, wakaniona nachimba kwa pupa, wakaniona namshukuru Mungu na kuweka alama. Kichaka kilinificha kuanzia kiunoni kwenda chini. Laiti kingekuwa kifupi, tusingefika tulipofika.)

Tukaendelea na mizinga. Haikuchukua muda tukasikia pikipiki. Kisha pikipiki nyingi. Kisha watu kwa miguu, wanaume na wanawake, wana majembe, sululu, makarai, mmoja ana taa kichwani na jua lote lile. Walikuwa wanakimbia bila kusema, na huo ukimya ndio ulioniogopesha. Nikamshika mkono mama mmoja nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna rashi, dhahabu imetokea, mtaalamu kutoka mjini kaiona na anataka kuificha.

Niwaambie ukweli? Nilisisimka. Nilimwambia Bwana Mashauri twende tukaone. Nikakimbia nao, buti zangu zinapiga kelele, nikiwaza jinsi nitakavyowawekea picha humu. Rashi ya dhahabu siku yangu ya kwanza!

Tulipofika nikaona umati umezunguka kitu. Nikapenya mpaka mbele. Katikati yao kulikuwa na kijiti.

Kijiti changu.

Nikavuta kofia mpaka machoni. Lakini kilichonitisha zaidi hakikuwa kijiti. Watu waliokosa nafasi pale katikati walikuwa wameanza kujigawia maeneo pembeni, na pembeni ndilo shamba la Mama Shija. Walikuwa wanachomeka vigingi kwenye karanga. Mwingine alikuwa anapima kwa hatua kuelekea kitalu. Mama Shija alifika anakimbia, khanga mkononi, anawasihi waache, hizo ndizo chakula chake na ada za wanawe. Hakuna aliyemsikia. Huku dhahabu ikishatajwa, shamba linaweza kugeuka mashimo kabla jua halijazama, na hakuna atakayerudi kuomba radhi.

Yule mchimbaji wa bodaboda, jitu la miraba minne waliloliita Ng'wana Butu, alikuwa amesimama juu ya kijiti, sululu tayari. Akaniona. Akawanyamazisha watu, akasema mtaalamu mwenyewe huyu hapa.

Macho yote yakanigeukia. Bwana Mashauri naye akanitazama. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema nilikuwa napima udongo kwa ajili ya miche, lakini wangedhani nawaficha, wangechimba mpaka kitaluni. Nikamtazama Mama Shija, amekaa chini kwenye karanga zake ameshika kichwa. Nikaona hapana.

"Dada, hapa ulikuwa unachimba nini?" Ng'wana Butu akauliza.

"Nilikuwa nachimba dawa," nikajibu, nimeinamisha kichwa.

Nilidhani nimemaliza. Kila abiria wa basi katika nchi hii anajua maana ya kuchimba dawa. Lakini nilisahau niko wapi. Huku kwetu watu wanachimba dawa kweli, za mizizi, za kila shida. Umati ukaguna kwa heshima. Mzee mmoja akasogea karibu akaniuliza kwa upole kama ni dawa ya mifugo au ya kuvuta mali. Mama mmoja nyuma akasema kama ni ya kuvuta mali, basi naye agawiwe hata kidogo. Wakaanza kusukumana upya. Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Nikavua kofia. Nikavuta pumzi.

"Jamani, tumbo lilikuwa linaniendesha," nikasema kwa sauti ambayo naamini ilifika mpaka mji wa Katoro. "Nilikunywa maziwa. Hapo nilijisaidia. Hakuna dhahabu hapo. Hakuna dawa. Ni mimi tu."

Wakanitazama mimi, wakakitazama kijiti, wakanitazama tena.

Kisha Ng'wana Butu akatikisa kichwa. Akawaambia wenzake kwamba huu ni ujanja wa watu wa mjini, nataka waondoke nirudi peke yangu. Nikamsihi. Nikamwambia kaka yangu, nakuomba, usichimbe. Kadiri nilivyomsihi ndivyo alivyozidi kuamini kwamba dhahabu ipo. Akainua sululu, akapiga.

Pigo moja tu.

Akasimama hapohapo. Akainama, akatazama. Akainuka taratibu, akarudi nyuma hatua chache, akaanza kufuta sululu yake kwenye majani.

"Dada amesema kweli," akawaambia.

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile. Watu walilala chini. Wengine walishikana mabegani. Mzee wa dawa za mifugo alikaa kwenye karai lake akafuta machozi. Mimi nilisimama katikati yao na kofia mkononi, uso unawaka moto, natamani lingekuwepo shimo la kweli nijifukie. Lakini nikaona watu wanang'oa vigingi kwenye karanga huku wanacheka, na mmoja anarudishia udongo shinani mwa mche alioutikisa. Moyo wangu ukatulia. Na mimi nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikalia, na sijui hadi sasa yalikuwa machozi ya nini.

Mama Shija akaja akanishika mkono. "Wabeja, mwanangu," akasema, na asante yake ile ilikuwa nzito. Akaongeza kwamba kesho nitakunywa uji.

Bwana Mashauri hakucheka. Alipanda juu ya kichuguu, akasubiri watulie, akawaambia kwamba kwa kuwa wamekuja wenyewe, na majembe wanayo, basi awaonyeshe miche. Nilitegemea wataondoka. Wakabaki. Nadhani walikuwa wameishiwa nguvu kwa kicheko. Akawaeleza habari za mashimo yaliyoachwa, ng'ombe wanaotumbukia, na udongo unaosombwa na mvua. Kisha wengi wao wakaondoka na mche mmojammoja kwenye karai. Ng'wana Butu alichukua miwili. Alisema amepata hasara ya sululu, lazima afidiwe.

Tukiwa njiani kurudi, Bwana Mashauri alitangulia mbele, nami nyuma nilikuwa natunga maneno ya kuaga. Ndipo akasema, "Mimi nimewaita msimu mzima. Wewe umewaita mara moja, wakaja wote." Akaniuliza naweza kuanza lini.

Nikapiga simu Isaka kabla hawajafunga ofisi. Niliwashukuru kwa moyo wote, nikawaambia nimepata kazi ya nje. Yule dada aliyepokea akaniuliza kama huko nilikopata mazingira ni mazuri. Nikatazama mashamba, vichaka, na wingu jeusi linalokuja kutoka upande wa ziwa. Nikamwambia ndiyo, ni mazuri, na watu wake wamenipokea vizuri sana.

Kwa hiyo nahamia huku, na mizigo naanza kufunga nikirudi Shinyanga. Mtakaokuja kunitembelea mnakaribishwa. Msiulize nyumba ya afisa miti, hakuna atakayemjua. Ulizeni kwa Dada Dawa, mtaletwa mpaka mlangoni. Ila mkifika, nawaomba, salamu kwanza, kicheko baadaye.